Waulize Mafundi: mashine ya kwanza ya weldingi kwa mwenye gari kuukuu na mfuko mdogo

Barua za toleo hili nyingi zimetoka Malindi na viunga vyake, na moja imetufikia kutoka Mokowe. Karibu zote zinauliza jambo moja: ninunue mashine gani? Tumeziweka pamoja, kwa sababu jibu la mmoja lina sehemu inayomfaa mwenziwe.

SWALI: Hamjambo wahariri. Nina pikapu ya Toyota ya mwaka 1994. Sakafu ya upande wa dereva imeliwa na kutu hadi barabara yaonekana, na nataka pia kuitengenezea keria ya juu na bampa. Nimetenga shilingi 25,000. Dukani nimeonyeshwa inveta (mashine nyepesi ya weldingi) ndogo iliyoandikwa 300 kwa tarakimu kubwa, bei yake 11,500. Muuzaji asema itachoma chochote. Nyumbani nina soketi za kawaida tu. Niichukue?
Msomaji, Maweni, Malindi

JIBU: Ndugu yetu, kazi ulizotaja ni mbili na kila moja ina mashine yake. Keria na bampa ni mabomba na flatibaa za unene wa milimita 1.5 hadi 4, na mashine ya rodi inaziunga vizuri. Sakafu ya gari ni bati la milimita 0.8 hadi 1, na bodi ya nje ni nyembamba zaidi. Bati hilo rodi hulitoboa kabla mkono wako haujatulia. Kwa pesa ulizo nazo, nunua inveta ya rodi uanze na keria, na sakafu umpe fundi wa bodi mwenye mashine ya waya. Ukiazimia kuishona mwenyewe, soma jibu la mama wa Muyeye hapa chini.

Sasa tuje kwenye hiyo 300, inayodaiwa kuwa ni ampea. Geuza mashine utafute kibati cha vipimo, nyuma au ubavuni. Tazama palipoandikwa I1max. Huo ni umeme wa juu kabisa ambao mashine huvuta ukutani. Tuseme ni ampea 23 kwa volti 220. Zidisha, upate 5,060. Hakuna kingine kinachoingia zaidi ya hapo. Upande wa kutokea, volti za rodi inapowaka hupimwa kwa kanuni ya 20 kujumlisha ampea mara 0.04. Kwa ampea 300 hiyo ni volti 32, na 300 mara 32 ni wati 9,600. Mashine inayoingiza 5,060 itatoaje 9,600? Tena inveta za bei nafuu hazifikishi zote hizo 5,060 kwenye rodi. Kadiria asilimia 60, yaani wati 3,000 hivi, ambazo zatosha kuchoma kwa ampea 120.

Na ampea 120 si haba. Rodi ya geji 12, ambayo ni ya milimita 2.5, hutaka ampea 60 hadi 90. Geji 10, ya milimita 3.2, hutaka 90 hadi 130. Kwa keria na bampa, geji 12 ndiyo utakayoishika kila mara. Kwa hiyo mashine yenyewe huenda ikakufaa. Uongo uko kwenye ile namba ya mbele. Isipokuwa na kibati cha vipimo hata kimoja, iache dukani.

Kwenye kibati hicho hicho kuna alama X na asilimia. X ya 60% kwa ampea 100 maana yake ni kwamba katika kila dakika 10 utachoma 6 na kuipumzisha 4. Ukikuta 20%, ujue utakaa ukiingoja ipoe kuliko utakavyochoma. Kabla ya kulipa omba uijaribu: iweke ampea 80, umalize rodi tatu nzima za geji 12 mfululizo. Taa ya joto ikiwaka na mashine ikikata kabla ya rodi ya tatu kwisha, tafuta nyingine. Halafu shika waya wa holda, yaani kishikio cha rodi, kwa kiganja. Ukiwa wa moto, basi ni mwembamba mno, au ni alumini iliyovikwa shaba.

Soketi yako nayo ina mpaka. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, na inveta ndogo inapochoma kwa ampea 80 huvuta ukutani karibu hizo hizo 13. Geji 12 basi iko ukingoni, lakini huvumilika kwa kuwa huchomi bila kusita. Ukipanda geji 10, pini za plagi zitaanza kuwa na rangi ya kahawia na utasikia harufu ya plastiki. Usifike huko. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye boksi, waya wa milimita mraba 6 na swichi ya kukata ya ampea 32. Ekstensheni iwe ya milimita mraba 2.5, na uikunjue yote. Ikifanya kazi ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea na ngozi ya waya huyeyuka.

Mwisho, zile 25,000. Mashine isile zaidi ya nusu yake. Zinazobaki ni za kinyago kinachojitia giza chenyewe (kiweke namba 10 kwa geji 12, na 11 ukipita ampea 100), glavu ndefu za ngozi, grenda ya inchi 4½ na mawe yake, nyundo ya kubandua gamba la mshono, brashi ya waya, vibano vinne, na kilo 2.5 za rodi aina ya 6013. Tunaona vijana wakichomea na miwani ya jua, na inatuuma. Miwani ile haizuii mwanga huo. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, macho huwasha na kutoa machozi kana kwamba yametiwa mchanga, na kila safari jicho huumia tena.

SWALI: Salamu kwenu. Mimi ni mama mwenye tuktuk mbili za kukodisha. Moja imeoza bati la chini ya kiti cha abiria na kwenye ukingo wa nyuma. Nimeona mashine ya waya isiyotumia gesi, yasemekana hata asiyewahi kushika weldingi aiweza. Nimnunulie mwanangu hiyo, au ningoje tupate ya gesi?
Msomaji, Muyeye, Malindi

JIBU: Mama, nunua inayoweza zote mbili, muanze bila gesi.

Waya wa mashine isiyo na gesi una unga ndani yake, na unga huo ukiungua hutoa moshi unaoukinga mshono. Kwa kazi ya uani hiyo ni faida kubwa. Mashine ya gesi hupuliza lita 10 hadi 12 kwa dakika kuzunguka waya, na upepo wa mita 2 tu kwa sekunde, ule unaousikia usoni, waitawanya. Msimu wa kusi, mtu wa gesi Malindi hana budi kufanya kazi ndani ya kuta. Waya wa unga hauna shida hiyo. Ubaya wake ni kwamba una moto mkali, hurusha cheche nyingi na huacha gamba la kubandua. Unaunga vizuri kuanzia milimita 1.2. Kwenye bati la milimita 0.8 au 1, kama hilo la tuktuk, unafaa kwa nukta nukta tu, si kwa mstari mrefu. Gesi na waya mtupu wa milimita 0.6 ndiyo hushona bati jembamba zaidi kwa usafi. Lakini kabla ya kulipia mashine ya gesi, uliza mtungi unajazwa wapi na kwa bei gani. Mtungi mtupu usiojazika karibu nawe ni pesa zilizolala.

Dukani mwambie mwanao afungue mlango wa ubavuni. Aangalie mambo mawili. La kwanza, je, nguzo zaweza kubadilishwa? Waya wa unga hutaka bunduki (kishikio kinachotoa waya) iwe kwenye hasi na kibano cha arthi kwenye chanya. Waya mtupu wa gesi ni kinyume chake. Wengi huanza na nguzo walizozikuta, kisha hulalamika kwamba mashine ni mbovu: cheche zimejaa kila mahali, mshono umekaa juu ya bati bila kuzama, na una vitundu. Kumbe wa kugeuzwa ni nyaya mbili tu. La pili ni gurudumu linalosukuma waya. La waya wa unga lina meno madogo, la waya mtupu lina mfereji laini wenye umbo la V. Likikazwa kupita kiasi hulibonyeza lile bomba la unga, unga unamwagika na waya unakwama ndani ya bunduki.

Kazi ya tuktuk iende hivi. Kata kutu yote mpaka ufikie chuma king'aacho na kigumu. Ukichomea kwenye ukingo ulioliwa, utafukuza tundu lako kuzunguka gari zima. Kata kiraka cha bati la geji 20, lenye milimita 0.9 hivi, kikae ndani ya nafasi hiyo na upenyo mdogo kuzunguka, unene wa bati lenyewe. Kwangua rangi sentimita 2 kila upande. Shika kiraka kwa sumaku au vibano, kisha piga nukta moja ya kama sekunde moja kila kona. Endelea na nukta za umbali wa milimita 30, kila moja upande ulio mbali na iliyotangulia. Ngoja mpaka bati liguswe kwa mkono mtupu ndipo ujaze katikati ya nukta. Kipande cha shaba nyuma ya bati husaidia sana: hufyonza joto, na chuma kilichoyeyuka hakishikamani nacho. Bati likijikunja, umeharakisha. Likitoboka, acha, liache lipoe, weka shaba nyuma, ujaze kuanzia ukingoni ukielekea kati.

Na siku hiyo hiyo lipakwe rangi. Joto limeunguza rangi ya upande wa ndani pia, usioonekana, na huko ndiko hewa ya bahari itakakoanza kula. Praima ya zinki pande zote mbili, silanti kwenye mshono, halafu rangi.

SWALI: Karakana yangu haijafikiwa na stima. Nina jenereta ya 2.5 kVA na nataka kuunda trela ya kuvutia boti ya faiba. Jenereta hii itaendesha inveta ya rodi?
Mzee mstaafu, Mokowe, Lamu

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Itaendesha, kwa rodi nyembamba. Kwa ampea 50 inveta hutaka kama 1.8 kVA, na hizo zatosha rodi ya milimita 2.0, ambayo hutaka 40 hadi 60. Geji 12 kwa ampea 80 hutaka 3.1 kVA, jenereta yako itanguruma, volti zitashuka, na rodi itaganda kwenye chuma. Ukinunua nyingine, iwe 5 kVA yenye kidhibiti cha volti.

Kinachoziua inveta kwenye jenereta ni volti zinazoruka. Washa jenereta kwanza, mashine ikiwa imezimwa, ingoje dakika mbili hadi mlio utulie, ndipo uwashe mashine. Wakati wa kufunga, zima mashine kwanza. Usiiache jenereta iishiwe mafuta ukiwa unachoma, kwa maana inapokata roho volti hupanda na kushuka vibaya.

Kuhusu trela, fremu na mahali pa kulaza boti jifunzie hapo. Ulimi wa kuvutia, mashikio ya springi na ekseli mpe fundi aliyezoea rodi ya 7018, ile ya kazi nzito. Mshono wa anayejifunza waweza kuonekana mzuri juu huku haujazama ndani, na ulimi ukikatika barabarani boti humwangukia mwingine. Trela inayoingia majini nayo isiachwe na bomba lenye pembe wazi: ziba ncha zote kwa mshono mzima, au litoboe chini maji ya chumvi yatoke. Lililozibwa nusu huoza kwa ndani.

SWALI: Rodi zangu zinaganda kwenye chuma. Zikikubali kuwaka, mshono unakuwa na vitundu. Pakiti niliifungua Ramadhani na imekaa bandani tangu hapo. Mashine imeharibika?
Msomaji, Gongoni

JIBU: Hatudhani. Una makosa mawili tofauti, na banda lako lahusika hasa na vitundu.

Kuganda kwanza. Ondoa rangi na kutu mahali pa kibano cha arthi, paonekane chuma cheupe, kwa sababu kibano kilichouma rangi hupitisha umeme kwa kubahatisha. Panda ampea 5 kwa 5 mpaka rodi iwake bila kung'ang'ania. Geji 12 chini ya 60 itakusumbua tu. Ikiganda, zungusha mkono kwa haraka, na ikikataa ifungue kutoka kwenye holda. Ukiivuta tu, utabandua unga wake kwenye ncha, na ncha iliyo uchi huganda tena.

Vitundu husababishwa na unyevu, au kuishikilia rodi mbali mno, au uchafu. Umbali kati ya ncha na chuma uwe kama unene wa rodi yenyewe, milimita 2.5. Ukishauweka sawa na chuma ni kisafi, na bado vitundu vipo, mshuku wako ni unyevu. Itazame rodi kwa karibu. Unga ulio salama una rangi moja na ni mgumu ukiukwaruza kwa ukucha. Ukiona poda nyeupe juu yake, au unga unamomonyoka na waya wa ndani una kutu, tupa. Iliyonyonya unyevu tu huokolewa: 6013 iweke kwenye tanuri lisilopikiwa chakula, nyuzi 100 za Selsiasi, saa moja. Usizidishe, maana rodi hii imeundwa kuwa na unyevu kidogo na ikikaushwa mno haiwaki vizuri. 7018 ni jambo lingine. Hiyo hutaka nyuzi 300 hadi 350.

Baadaye zitunze kwenye bomba la plastiki la maji taka lenye kifuniko ncha zote mbili, na vile vifuko vya kukausha vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Mashine nayo ilale ndani ya nyumba. Huko Gongoni, penye mashamba ya chumvi, ubao wa saketi ulioachwa bandani huota ukungu wa kijani kwenye miguu ya vifaa vyake. Na usisage kwa grenda karibu na feni ya mashine. Vumbi lile ni chuma. Likivutwa ndani na kutua kati ya vifaa, linapitisha umeme.

SWALI: Kuna mtu anauza transfoma iliyosukwa na mafundi wa jua kali, nzito, bei nusu ya inveta. Ipi bora kwa nyumbani?
Msomaji, Watamu

JIBU: Kwa nyumbani, inveta. Transfoma ya kusuka huvuta umeme mwingi kwa kazi ile ile, na taa za jirani zitakuwa zikipepesa kila ukigusa rodi. Nyingine zimesukwa kuunganishwa kati ya fezi mbili, volti 415, na kwa nyumba yenye fezi moja ya 240 hazitawaka inavyopasa. Sifa yake ni uimara: haina saketi za kuharibiwa na chumvi, na ikiungua husukwa upya. Mwenye karakana yenye fezi tatu hajakosea kuichukua, mradi aulize kama nyuzi za ndani ni shaba au alumini, na ahakikishe bodi yake imefungwa arthi na hakuna shaba iliyo wazi nje.

SWALI: Fundi aliunga egzosi ya pikipiki yangu bila kuifungua. Tangu siku hiyo taa ya injini haizimi na pikipiki yenyewe yazimika njiani. Weldingi yaweza kufanya hivyo? Nataka kununua yangu nisirudie.
Msomaji, Kisumu Ndogo, Malindi

JIBU: Yaweza, hasa kwa pikipiki zenye sindano ya mafuta ya elektroniki. Umeme wa weldingi hurudi kwenye kibano cha arthi kwa njia yoyote uipatayo. Kibano kikiwa kwenye gurudumu la nyuma na mshono uko mbele, umeme hupitia beringi, hupitia nyaya za arthi za pikipiki, na hata kwenye kompyuta ya injini. Beringi nazo huachwa na madoa madogo kwenye gololi, ndiyo maana huanza kulia wiki chache baadaye.

Ukianza wewe: toa waya wa hasi wa betri kwanza, kisha wa chanya. Chomoa soketi ya kompyuta ya injini. Bana arthi kwenye kipande kile kile unachochoma, kisizidi sentimita 20 kutoka kwenye mshono. Egzosi ni afadhali kuifungua kabisa ukaichomee mezani. Ni boliti chache. Tangi la petroli liondoke, likae mbali. Na tangi lenyewe likitoboka, usiliunge nyumbani hata ukilikosha mara ngapi, kwa sababu mvuke hubaki kwenye mikunjo ya bati na hulipuka.

Jambo moja zaidi la pikipiki na gari: usisafishe chuma kwa sprei ya breki yenye klorini kabla ya kuchoma. Mwanga na joto la rodi huigeuza kuwa gesi ya fosijini, ambayo huharibu mapafu. Tumia thina, uiache ikauke kabisa, na chupa yake uipeleke mbali.

SWALI: Nikichoma mabomba ya geti yenye zinki nimeambiwa ninywe maziwa. Ni kweli yanasaidia? Nataka kuyatumia kuunda keria.
Kijana wa Ganda, Malindi

JIBU: Hayasaidii, mwanetu. Moshi ule mweupe huingia mapafuni, na maziwa huenda tumboni. Ukiuvuta, saa 4 hadi 10 baadaye waweza kupata homa, baridi, kiu na ladha ya chuma mdomoni, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku mbili.

Kinga ni kuutoa ule mpako kabla ya kuwasha. Saga kwa grenda sentimita 3 kila upande wa mshono hadi rangi ya fedha iishe na chuma chenyewe kitokee, ukiwa umevaa barakoa ya vumbi ya kiwango cha FFP2. Choma nje, upepo ukitoka ubavuni ili moshi usipite usoni, na kichwa usikiinamishe juu ya mshono. Ukimaliza, rudishia zinki kwa rangi yake maalumu. Afadhali zaidi, nunua bomba jeusi la geji 16 kwa ajili ya keria, uliunge, kisha ulipake rangi. Na homa ikipita siku mbili, au kifua kikibana, nenda hospitali umweleze daktari kwamba ulichoma chuma chenye zinki.